Mwanga wa Mkono wa Kike

Mlimani, chumba cha nyuma, idara ya fizikia.
Feni ina panga mbili; la tatu lilianguka Machi.
Nimeichemsha katani ya Korogwe katika tindikali
mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa kamba.
Yamebaki maji meupe, kama ya kuoshea mchele,
na ndani yake vijiti visivyoonekana,
hata neno "wembamba" kwao ni nene mno.

Navimimina kwenye kisahani. Sivigusi tena.
Hakuna mnyapara, hakuna filimbi.
Maji yakipungua vijiti vinasogeleana,
vinalala safu,
na safu ya juu inageuka kidogo kuliko ya chini,
na ya juu yake kidogo tena,
kama ngazi ndani ya mnara,
kila mara upande uleule:
kushoto.

Naijua gharama ya upande huo.
Magomeni, darasa la kwanza,
mama alinifunga mkono kwa utepe wa kanga.
"Wa kulia ndio wa kulia," akasema,
nami nikala kwa huo, na nikalia,
na lugha haikuona haja ya kunipa neno jingine.

Jumatano umeme ukakatika. Siku mbili nzima.
Dokta Lyakurwa akapiga simu:
"Siwatu, ile sampuli tuihesabu imekufa."
Joto la Februari, dirisha halifunguki,
hewa nzito kama nguo isiyokamuliwa.
Maji yalikauka, lakini shingo upande,
tone kwa tone, yakibishana na kila saa.

Ijumaa nikafungua kabati.
Utando wa kijani!
Kijani cha dundu, yule ajipigizaye
kwenye taa za varanda mvua ikishapita.
Tulikuwa tukiharakisha, na haraka ndiyo iliyokuwa ikituharibia.

Wala si rangi. Hakuna rangi mle.
Urudishe majini, utapata maji ya mchele.
Ni ngazi tu, na mwanga unaoijia:
ule unaojisokota kwa kushoto hurudishwa mlangoni,
uking'aa;
wa kulia hupita kama mgeni asiyeulizwa.

Nina miwani ya sinema, ya zile picha zinazokurukia usoni,
niliyosahau kuirudisha (nilisahau kwa makusudi).
Fumba jicho hili: kijani.
Fumba lile: kisahani kitupu, giza.
Nikamwokota dundu mfu dirishani, nikamtazama.
Naye vilevile.
Miaka yote hiyo anameta kwa mkono mmoja,
na sisi tukimfagia.

Mwisho wa meza kuna kitambuzi cha Dokta,
tabaka la plastiki lililojisokota lenyewe juu ya kioo.
Mwanga wa kushoto ukikigusa, mshale unapanda arobaini na moja.
Wa kulia, thelathini na tatu.
Rangi ileile, nguvu ileile, taa ileile.
Dokta alirudia mara sita, akaketi juu ya ndoo,
akaagiza soda.

Mimi nilibaki na utando wangu.
Nikauhemea. Ukaona haya, ukawa mwekundu,
kisha pumzi ikakauka, ukarudi kijani.

Saa kumi mama akaja kufuata ufunguo,
mkoba begani, jasho shingoni, analalamikia ngazi.
"Hiki ndicho kinachokuchelewesha?"
Nikamvisha miwani. Nikamwambia afumbe.
Akafumba. Akafumbua. Akabadilisha jicho.
"Kimekwenda wapi?"
"Kipo."
Akafumba tena, mara ya nne, ya tano,
akicheka peke yake kama mtoto anayezima na kuwasha swichi,
halafu akauliza kama kinauzwa.

Alipoondoka alinirudishia miwani
kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia ulishika mkoba, najua.
Nilipokea kwa wangu wa kike,
na hakuna aliyesema kitu.